Njia ya Jirani Inayopita Katika Ardhi Yangu

Ardhi ninayoimiliki inabeba njia ya mtu mwingine. Kiwanja changu kinapakana na barabara, cha jirani kiko nyuma yangu na hakigusi barabara popote, na ukanda mmoja pembeni mwa eneo langu ndio unaomfikisha kwake. Visa vingi vya haki ya njia husimuliwa na yule aliyefungiwa: amenunua, amejenga, kisha jirani akaweka uzio na kumwacha bila pa kutokea. Mimi nimekaa upande wa pili, upande wa mwenye ardhi inayopitwa, na huko nimeona kwamba swali la kama njia ipo au haipo mara nyingi hujibiwa mapema, tena kwa karatasi moja. Ugomvi wenyewe huja baadaye, watu wanapoanza kuulizana njia hiyo ni ya kupitisha nini, inahudumia ardhi ipi, na nani anapaswa kuitunza.

Nilinunua nikijua. Hati ilisema kwamba mmiliki wa kiwanja cha nyuma atakuwa na haki ya kupita wakati wote na kwa namna zote, kwa ajili ya matumizi ya kiwanja hicho, na ramani iliyoambatishwa ilionyesha ukanda uliopakwa rangi bila kutaja upana wake kwa mita. Watu walioniona nikisita walinituliza kwa hoja ambayo nimeisikia mara nyingi tangu wakati huo, kwamba aliyepewa njia ni mama mtu mzima aliyekuwa akijiandaa kuuza, hivyo akiondoka ataondoka na njia yake. Hoja hiyo ni potofu tangu shina. Haki ya njia ya aina hii hukaa kwenye ardhi: anayenunua kiwanja kinachonufaika huinunua pamoja nacho, na anayenunua kiwanja kinachobeba mzigo huubeba, ilimradi haki hiyo imeandikwa inavyotakiwa katika daftari la ardhi au inalindwa na sheria hata bila kuandikwa. Mimi mwenyewe nikiuza leo, mnunuzi wangu atarithi ukanda huo kama nilivyourithi.

Katika sheria ya Uingereza, ambayo mkondo wake umefuatwa na nchi nyingi zilizowahi kutawaliwa nayo, masharti ya haki kama hii yalielezwa vizuri na Mahakama ya Rufani mwaka 1955 katika shauri la Ellenborough Park, lililohusu bustani iliyozungukwa na nyumba. Lazima ziwepo ardhi mbili, moja yenye haki na nyingine yenye mzigo. Haki hiyo iwe na manufaa kwa ardhi yenyewe, isiwe starehe binafsi ya mwenye nayo. Wamiliki wawe watu tofauti. Na haki iwe ya namna inayoweza kuelezwa na kutolewa kwa hati. Nilipoyasoma masharti hayo niliyaona makavu, lakini lile la pili ndilo lililokuja kuamua sehemu kubwa ya mambo kati yangu na jirani.

Yule mama alipita kwa miguu. Kwa muda wote niliomkuta pale sikuwahi kuona gari likiingia kwake, na ule ukanda ulikuwa kichochoro chenye nyasi pande zote mbili. Alipouza, mmiliki mpya alikuja na gari, na muda si mrefu yakafuata malori ya mchanga na kokoto. Nilimwendea wakili nikiwa na hoja niliyoiamini kabisa, kwamba njia iliyotumika kwa miguu miaka yote haiwezi kugeuka barabara ya malori kwa sababu tu mwenyeji amebadilika. Wakili hakubishana nami. Aliuliza tu: "Haki hii ilitokana na nini? Na hati, au na mazoea?"

Tofauti hiyo ndiyo ambayo ningependa kila mwenye ardhi aielewe kabla hajamfokea mtu getini. Ikiwa haki imetokana na matumizi ya muda mrefu bila hati yoyote, kipimo chake ni matumizi yenyewe: aliyepita kwa miguu kwa miaka yote amejipatia njia ya miguu, na hawezi kesho kuingiza trela. Lakini ikiwa haki imetolewa kwa hati, kinachoangaliwa kwanza ni maneno ya hati, yakisomwa pamoja na hali halisi ya mahali siku hati ilipotiwa saini. Maneno "kwa namna zote" hayadhoofiki kwa sababu mwenye haki alichagua kutembea. Mtu aliyepewa haki pana akaitumia nusu hajaipoteza nusu nyingine. Hata hivyo hali ya mahali nayo ina uzito wake, kwani kama nguzo mbili za mawe zilikuwepo mlangoni siku ya kutoa haki, zikiacha nafasi ya gari dogo tu, mahakama inaweza kuona kwamba waliotia saini hawakukusudia lori linalozidi nafasi hiyo. Nguzo za kwangu zilikuwepo tangu kabla ya hati, na zilikuwa na nafasi ya kutosha lori la wastani. Nilizipima mwenyewe kwa futi ya chuma, na majibu hayakunifurahisha.

Warumi wa kale walilimaliza suala hili kwa namna ambayo bado inanivutia. Sheria yao ilitenganisha haki ya mtu kupita, haki ya kuswaga wanyama na haki ya njia kamili ya kupitisha magari ya kukokotwa, na haki kubwa ilibeba ndani yake zile ndogo. Sheria ya Mbao Kumi na Mbili, ya karne ya 5 kabla ya Kristo, ilitaja hata upana wa hiyo njia kamili: futi 8 mahali paliponyooka na futi 16 penye kona, kwa kuwa gari huhitaji nafasi zaidi linapogeuka. Hati yangu, iliyoandikwa zaidi ya miaka elfu mbili baadaye na mtu aliyelipwa kwa kazi hiyo, haikuwa na namba hata moja. Nasema hivi kwa uchungu kidogo, kwa sababu sehemu kubwa ya pesa nilizotumia kwa wakili na mpima ardhi ilikwenda kutafuta kitu ambacho sentensi moja ingekimaliza.

Malori yalipoisha ilibainika kwamba jirani alikuwa akikigawa kiwanja chake vipande vinne ili auze vitatu. Hapo nilidhani nimepata pa kusimama: haki ilitolewa kwa kiwanja kimoja chenye nyumba moja, sasa zinakuja kaya nne. Jibu la sheria ni la kati, na ninakiri kwamba lina busara. Ardhi yenye haki ikigawanywa, kila kipande huendelea kunufaika na njia ileile, ila mzigo wa ardhi inayopitwa usizidishwe kupita kile kilichokusudiwa. Kanuni ya Madai ya Ufaransa ya mwaka 1804 inaliweka wazi katika kifungu chake cha 700, kwamba sehemu zote zitaendelea kuwa na haki, hali ya ardhi yenye mzigo isifanywe kuwa mbaya zaidi, na kama haki yenyewe ni ya kupita, wenye sehemu wote watapita mahali palepale. Sheria ya Uingereza inafika karibu na hapo kwa kuuliza kama matumizi yamezidi kiasi, na nyumba nne za kuishi, mahali ambapo hati inasema "kwa namna zote", ni vigumu kuziita kupindukia. Laiti angetaka kujenga kituo cha mabasi, tungezungumza lugha nyingine.

Hivyo nilikubali nyumba nne. Ambalo sikulikubali lilikuwa jambo la tano, ambalo jirani hakuliona kuwa na tofauti yoyote na yale ya kwanza.

Nyuma ya kiwanja chake kulikuwa na kipande kingine, kilichowahi kuwa sehemu ya shamba kubwa linaloelekea barabara ya upande wa pili. Mwenye shamba alikikata kipande hicho na kukiuza peke yake, na jirani yangu akakinunua kwa bei nafuu, kwa sababu hakikuwa na njia. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: ana haki ya kupita kwangu hadi kwake, na akishafika kwake, nani atamzuia asiendelee kutembea ndani ya ardhi yake mwenyewe hadi kipande cha nyuma? Aliniambia kwa upole kabisa, "Jirani, kwako nitapita palepale ninapopita kila siku, hata tairi halitaongeza inchi." Na kwa macho alikuwa na haki ya kusema hivyo. Ukanda ni uleule, mlango ni uleule, pengine hata gari ni lilelile.

Sheria haitazami hivyo, na hapa ndipo sharti la pili la Ellenborough Park lilipopata kazi. Njia imetolewa kwa manufaa ya ardhi iliyotajwa, na haiwezi kugeuzwa daraja la kufikia ardhi nyingine ambayo haikutajwa, hata kama mmiliki ni mmoja. Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua hivyo mwaka 1904 katika shauri la Harris dhidi ya Flower, ambamo mwenye haki ya njia alijenga jengo lililokaa sehemu kwenye kiwanja chenye haki na sehemu kwenye kiwanja jirani kisichokuwa nayo, akataka kutumia njia kwa jengo lote. Kanuni hiyo haihitaji mwenye ardhi inayopitwa athibitishe kwamba ameumizwa na msongamano. Inatosha kwamba haki inanyooshwa kufika mahali ambapo mtoaji hakuwahi kuitoa. Mahakama huvumilia matumizi ya pembeni, yale madogo yanayoandamana tu na matumizi halali ya kiwanja chenye haki, lakini kuzifikisha kaya mpya kwenye ardhi mpya hakuwezi kuitwa pembeni.

Jirani aliposikia hayo aliibuka na hoja ya pili, ambayo ni hoja ya heshima katika sheria za karibu nchi zote: ardhi iliyofungiwa lazima ipate pa kutokea. Ni kweli. Kifungu cha 682 cha Kanuni ya Madai ya Ufaransa kinampa mmiliki aliyezingirwa haki ya kudai njia kwa majirani, kwa kulipa fidia inayolingana na hasara atakayoisababisha, na kifungu kinachofuata kinataka njia hiyo ipite upande ulio mfupi zaidi kufika barabara ya umma, lakini mahali penye madhara machache zaidi kwa mwenye ardhi. Ujerumani, katika Kanuni ya Madai iliyoanza kutumika mwaka 1900, inayo njia ya dharura ya namna hiyo chini ya kifungu cha 917, na mwenye ardhi inayopitwa hulipwa malipo ya kila mwaka. Uingereza haina fidia ya namna hiyo kwa sababu hulichukulia jambo lenyewe kama ahadi iliyofichika ndani ya mauzo: anayekata kipande na kukiuza kikiwa hakina njia huchukuliwa kuwa amempa mnunuzi njia juu ya ardhi aliyobaki nayo.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyomgeuzia jirani hoja yake. Kipande cha nyuma hakikufungiwa na mimi. Kilifungiwa siku mwenye shamba alipokikata, na njia ya dharura, kama ipo, iko juu ya shamba lile linaloelekea barabara ya upande wa pili. Wafaransa wameliandika waziwazi katika kifungu cha 684: ikiwa kufungiwa kumetokana na kuuza au kugawa ardhi, njia itadaiwa tu kwenye ardhi zilizohusika na mgawanyo huo. Wajerumani wanafika palepale katika kifungu cha 918. Nimeona mifumo ya sheria ikitofautiana karibu katika kila jambo la ardhi, na kuikuta ikikubaliana hapa kulinipa imani kwamba simdhulumu mtu. Wakili wangu aliliandika hilo katika barua moja fupi bila neno kali hata moja, na jirani akaenda kuzungumza na mwenye shamba, ambako kwa kweli angepaswa kuanzia kabla ya kununua.

Wakati hayo yakiendelea, njia iliharibika. Mvua na malori viliacha mfereji katikati yake, na kila mmoja wetu akawa na hakika kwamba ukarabati ni wa mwenzake: yeye alisema ardhi ni yangu, mimi nikasema njia ni yake. Kwa sheria ya Uingereza, hati ikinyamaza, mwenye ardhi inayopitwa halazimiki kukarabati chochote. Wajibu wake ni kutozuia. Mwenye haki naye halazimiki, lakini anaruhusiwa kuingia na kutengeneza kwa gharama zake, bila kutoka nje ya ukanda. Ufaransa nayo inaziweka gharama za kazi hizo kwa mwenye haki, isipokuwa hati iseme vinginevyo. Matokeo ya kanuni ya Uingereza ni kwamba watu wawili wanaweza kuliangalia shimo lilelile kwa miaka, wote wawili wakiwa ndani ya sheria. Wakati huo mimi pia niliutumia ule ukanda kufika nyuma ya nyumba yangu, kwa hiyo nilijitolea kuchangia kwa uwiano wa matumizi, na mgao huo tuliuandika.

Geti lilitupa shida ndogo kuliko nilivyotegemea. Mwenye ardhi anaweza kuweka geti juu ya njia, mradi lisiwe kizuizi kikubwa kwa mwenye haki, na kufuli ambalo kila kaya ina ufunguo wake ni tofauti na kufuli ambalo ufunguo wake uko mfukoni mwangu. Bomba la maji ambalo jirani alitaka kulifukia chini ya njia lilikuwa suala lingine kabisa, kwa kuwa haki ya kupita juu haijumuishi haki ya kuchimba na kulaza kitu chini, na hilo lilihitaji haki yake yenyewe. Magari ya mafundi yaliyoegeshwa humo kutwa nzima nayo hayakuwa yakipita.

Jambo nililolitaka mimi lilikuwa kuihamisha njia. Ukanda ulikata eneo langu vibaya kiasi kwamba nyumba ndogo niliyokusudia kuijenga isingekaa, na sogeo la mita chache kuelekea mpakani lisingempunguzia jirani chochote. Kama ningekuwa Ujerumani ningeweza kulidai hilo kwa kifungu cha 1023, kwa gharama zangu, ilimradi mahali papya pawe panafaa sawa na pa zamani. Ufaransa inaruhusu jambo la namna hiyo katika kifungu cha 701, ikiwa njia ya awali imekuwa mzigo mkubwa zaidi kwa mwenye ardhi na mahali papya ni rahisi vilevile kwa mwenye haki. Sheria ya Uingereza ni ngumu zaidi, na kwa kawaida mwenye ardhi hawezi kuihamisha njia iliyowekwa kwa hati bila ridhaa ya mwenye haki, hata kama njia mpya ni bora. Nilihitaji ridhaa yake, naye alihitaji bomba. Sioni aibu kusema kwamba makubaliano yetu yalizaliwa hapo, wala hayakutokana na ukarimu wa yeyote kati yetu.

Kuandika hati mpya kulichukua muda mrefu kuliko kukubaliana. Mpima ardhi alichora ukanda mpya kwa vipimo, upana ukiandikwa kwa namba na kona ikiachiwa nafasi zaidi, na kila bikoni ikapewa alama yake kwenye ramani. Hati ilitaja kiwanja kinachonufaika kwa namba za vipande vyake vinne, ikaondoa waziwazi kipande cha nyuma, ikataja magari, bomba, mgao wa ukarabati, geti na funguo, na ikafuta njia ya zamani siku ileile njia mpya ilipoanza, ili pasiwe na wakati ambapo njia mbili zipo au hakuna hata moja. Kilichotuchelewesha ni benki. Jirani alikuwa amekopa kwa dhamana ya kiwanja chake, na haki ya njia ni sehemu ya dhamana hiyo, kwa hiyo tusingeweza kuigusa bila benki kuridhia kwa maandishi. Ridhaa ilipopatikana tulisajili, na daftari la ardhi likabadilishwa kwa viwanja vyote viwili. Kusajili kwangu peke yake kungeacha wanunuzi wa vile vipande bila kujua wananunua nini.

Likabaki suala la kipande cha nyuma. Mwenye shamba alikubali kutoa njia upande wa pili, lakini ilihitaji kuchongwa na kuwekewa kalvati, na jirani akaniomba apitishe vifaa vyake kwangu hadi kazi hiyo iishe. Sikuwa na sababu ya kukataa. Nilikuwa na sababu ya kuandika. Chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Haki kwa Muda ya Uingereza ya mwaka 1832, mtu anaweza kupata haki ya njia kwa kuitumia miaka 20 mfululizo, mradi asitumie nguvu, asijifiche na asiwe anapita kwa ruhusa ya mwenye ardhi. Matumizi yakifika miaka 40, ruhusa ya mdomo iliyotolewa mwanzoni haimsaidii tena mwenye ardhi, wakati ruhusa ya maandishi bado inamlinda. Ufaransa haina hofu hiyo, kwani kwa kifungu cha 691 haki ya kupita haipatikani kwa mazoea bali kwa hati, lakini mimi siko Ufaransa. Barua niliyompa inasema kwamba anapita kwa ruhusa yangu, kwa ajili ya ujenzi kwenye kipande cha nyuma pekee, kwamba ninaweza kuiondoa ruhusa hiyo kwa taarifa ya maandishi, na kwamba inakoma tarehe iliyotajwa. Alisaini nakala nami nikaihifadhi pamoja na hati. Tarehe hiyo ikifika na kalvati likawa halijakamilika, nitamwandikia nyingine yenye tarehe mpya, naye ataisaini kabla lori la kwanza halijaingia.